Kavu Atafuta Maji

Gari la zimamoto kufika kwenye moto bila tone la maji ni aibu isiyotoka hata kwa dodoki. Ilimpata dereva mmoja mrefu, mrefu wa kweli, ambaye mvua ikinyesha yeye huloa kwanza, ndipo awaambie wenzake waanue nguo.

Siku hiyo kituo kilimngoja mkubwa kutoka makao makuu. Wakaliosha gari mpaka likang'aa, wakaliosha kwa maji ya tangi lake lenyewe, na kulijaza tena hakuna aliyekumbuka. Kengele ikalia. Dereva akarukia usukani, akafika mbio penye duka la mbao linalowaka. Wenzake wakaunyoosha mpira wa maji, ukapiga chafya moja, ukanyamaza. Duka likaisha lote.

Tangu hapo mji mzima ukamwita Kavu. Kamanda wa kituo akampokonya ufunguo, akampeleka uani kuosha na kukunja mipira. Hata mkewe hakumstahi.

"Baba watoto, maji ya kuoga yako bafuni. Ya kweli, nimeyaona kwa macho yangu."

Kicheko alikizoea. Kilichomtafuna ni usukani. Akikaa mezani kula, mguu wake wa kulia ulikanyaga breki chini ya meza mpaka sakafu ikafanya shimo. Alitaka kurudi kwenye kiti kile, basi.

Ndipo akashika daftari na kamba yenye jiwe. Kila akitoka zamu alipita mtaa kwa mtaa akitafuta maji: kisima hiki kina kina gani, tangi lile linabeba lita ngapi, na geti lake, gari kubwa litapita? Alipima hata bwawa la bata. Alikwenda mara nyingi mno, bata wakawa wanapanga foleni na wao wapimwe.

Kwa Mama Dobi, aliyefulia nusu ya mji, akakuta tangi la zege la lita elfu kumi, limezikwa chini ya ua wa nyumba.

"Shikamoo, mama. Naomba nipime maji yako."

"Marahaba. Uyapime? Unataka kuyashonea suruali?"

Akacheka naye, akapima. Akapima na geti, mara tatu.

Mwezi uliofuata, saa nane mchana, ghala la magodoro mtaa huohuo likashika moto. Moshi ulikuwa mzito hivi kwamba kunguru waliteremka wakaenda kwa miguu. Gari lilifika limejaa, lakini lita elfu nne kwa magodoro ni kama kumtemea mate tembo. Bomba la mtaani la kuongezea maji nalo lilikuwa limefunikwa na lami. Tangi likakauka, na moto ukaanza kulamba paa la nyumba ya jirani.

"Afande!" Kavu, aliyeletwa kubeba mipira, akautua ule wa begani. "Geti lile la bluu. Ndani kuna lita elfu kumi."

"Gari halipiti pale," dereva mpya akasema.

"Linapita. Ukikunja vioo, kila upande vinabaki vidole viwili."

Kamanda akamtazama. "Kavu, una hakika?"

"Nimepima mara tatu, afande."

"Haya, panda wewe!"

Akapanda. Hakupumua mpaka tairi za nyuma zilipoingia uani. Mpira wa kuvutia maji ukazama tangini, pampu ikanguruma, na jioni haijafika moto ulikuwa matope meusi. Nyumba ya jirani ilipoteza pazia moja tu.

Walipotaka kutoka, Mama Dobi alikuwa ameweka kigoda katikati ya geti na kukikalia.

"Mashuka ya hoteli nzima yananingoja, maji yangu mmeyamaliza. Hatoki mtu!"

"Mama, kwa mujibu wa taratibu..." Kamanda akaanza.

"Taratibu zinafua?"

Kamanda akamgeukia Kavu, akamtia ufunguo mkononi.

"Mrudishie mama maji yake. Na kesho uje zamu ya asubuhi."

"Ya mipira, afande?"

"Ya usukani, bwana! Ondoka kabla sijaghairi."

Safari tatu zilitosha kulijaza tangi, likafurika mpaka miguuni mwa Mama Dobi.

"Mwanangu, yanatosha! Sasa unaniosha mimi!"

Kavu akajifanya hasikii. Akaenda safari ya nne, kwa kupitia sokoni, kiwiko nje ya dirisha.