Baba na Mashine Yangu ya Siri

Jamani, baba ameifungua siri yangu kabla chai haijapoa!

Leo nimemaliza kuunganisha vipande vya mashine ya kuficha ujumbe, mfano wa zile za vitani. Nikaitumia kumwandikia baba jambo ninaloogopa kulisema: nataka kusoma elektroniki chuoni, si uuguzi anaoutaka yeye. Zikatoka herufi zisizoeleweka kabisa.

“Barua ni yako, lakini huwezi kuisoma,” nikamtania.

Akakaa. Akageuza gurudumu linalobadilisha herufi, akaingiza mstari wa kwanza, akageuza tena. Na tena.

Ghafla akacheka, nadhani Kaloleni nzima ilisikia.

“Mama, wewe huwezi kuniandikia bila kuanza na shikamoo. Nimegeuza tu mpaka neno hilo likatokea.”

Akasoma mpaka mwisho. Mimi nimejifunika kanga usoni.

“Marahaba. Fomu za hicho chuo cha elektroniki tunachukua wapi?”

Nimekimbilia jikoni. Nyie mngejibu nini?