Kura Zisizoombwa

Addolorata Scardigno alikuwa mvunaji ngano, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba mizigo. Nyapara mmoja alipomshika kiuno shambani, alimvunja taya kwa mpini wa mundu, kisha akaendelea kuvuna. Hapa Torrelupa tulimwogopa kidogo, na wengi wetu tulimpigia kura mumewe, Vito, alipogombea udiwani kwa tiketi ya Wakomunisti.

Ilikuwa miaka michache tu baada ya vita. Wakomunisti walipata viti vingi kuliko chama kingine chochote, lakini havikufika nusu. Chama cha Kanisa nacho hakikufika, hata kikijumlishwa na watu wa Baroni, mwenye mashamba yote ya bondeni. Katikati walibaki wasoshalisti wachache wasiopenda makuu, wakiongozwa na Rocco, kinyozi, mdogo wake Addolorata. Upande atakaokaa Rocco ndio ungetoa meya.

Addolorata alimfuata dukani kwake.

"Umeamua?"

"Dada, siamui mimi. Wakubwa wa chama kule Roma wamesema tukae na yeyote, ila Wakomunisti."

"Hata na Baroni aliyetuitia askari watupige risasi?"

"Hata yeye."

"Na sisi tulioshinda?"

"Mmeshinda kura. Wa kukaa nanyi hayupo."

"Mama alipokufa nilikulea mimi, Rocco. Leo nanuka?"

"Si wewe, dada. Ni chama."

"Chama ndicho mimi na Vito, mjinga wewe!"

Siku ya kumchagua meya, uwanja ulifurika. Rocco alipoinua mkono pamoja na watu wa Baroni kumpa umeya mtu wa chama cha Kanisa, habari ilipita dirishani na mawe yakaanza kuruka. Askari waliingia manispaa wakipiga vichwa kwa vitako vya bunduki. Vito alikuwa anashuka ngazi kuwatuliza watu. Alipigwa kisogoni, akabiringika hadi chini, na pale alipolala akaongezwa. Damu ilimtoka masikioni. Hakufika Jumapili.

Kutoka makaburini, Addolorata hakwenda nyumbani. Alimkuta Rocco akimnyoa mteja, akampokonya wembe, akamchana shavu kutoka sikioni hadi mdomoni. Mteja alitimua mbio na povu usoni. Rocco alisimama tu, damu ikichuruzika kati ya vidole vyake.

Mahakamani Rocco alisema wembe uliteleza.

"Mwongo," Addolorata alisema kizimbani. "Nilimkata. Andikeni hivyo."

Alifungwa miaka minne. Ule muungano haukudumu hata nusu ya kifungo chake. Kilichowaweka pamoja kilikuwa kuwafungia Wakomunisti nje, basi. Walipofika kwenye kodi ya mashamba, Baroni na meya walishikana mashati kikaoni, meya akang'olewa jino. Wakaungana upya, walewale, maana hawakuwa na mwingine waliyeruhusiwa kukaa naye, na wakagombana upya. Rocco alichoka kupatanisha. Akajiuzulu, akahamia Torino, na hatukumwona tena.

Addolorata alipotoka gerezani tulimfanya diwani. Likaja suala la bomba la maji la mtaa wetu. Watu wa Baroni waligoma, meya akapungukiwa kura. Addolorata na wenzake wakainua mikono, bomba likapita.

Meya alikohoa. "Iandikwe kwamba kura za Wakomunisti hazikuombwa."

"Hukuziomba, lakini unazimeza," Addolorata akamjibu. "Taratibu, usije ukapaliwa."

Ukumbi ulicheka. Mtoto wa Baroni, naye diwani, akainuka, akamtemea mate usoni. Addolorata alichukua kisahani kizito cha majivu ya sigara, akampiga nacho mdomoni, na meno yakadondoka juu ya meza. Askari walimburuta nje kwa nywele, magoti yakichubuka kwenye mawe ya barabara.

Alikuwa bado ndani maji yalipofika mtaani. Wanawake walimpelekea ndoo ya kwanza gerezani. Askari wa zamu akaipiga teke, ikamwagika mlangoni. Wakarudi na nyingine.