Kikundi chetu cha Python hapa Singida kilivyonusurika kwa kuku wangu

Wakuu, heshima kwenu. Sina chumvi ya kuongeza hapa, nilikuwepo, na kuku aliyeliwa alikuwa wangu.

Huku Unyambwa, nje kidogo ya Singida mjini, tuna kikundi cha kujifunza Python, lugha ya kuandikia program za kompyuta, kujifurahisha tu. Kila Jumamosi tunakutana kwenye chumba cha Mama Neema, nyuma ya mashine yake ya kukamua alizeti. Anatupa bure.

Sheria yetu: program yako ikigoma mbele ya wenzako, Jumamosi ijayo unaleta kuku. Na kuku wa kienyeji wa huku mnamjua, hatoki kirahisi.

Basi kila mtu akawa mwoga. Program zikazidi kuwa fupi, na hazigomi ng'o. Mwenyekiti wetu, Elia, akawa anatusifia eti tumekomaa.

Jumamosi moja Mama Neema akaingia. Msimu umeanza, anataka chumba aweke magunia ya alizeti. Ila akasema tumwonyeshe kazi yetu kwanza, akiona cha maana tutabaki.

Elia akafungua laptop kwa madaha. Ikaandika: Shikamoo Mama Neema.

"Marahaba," akajibu mama, kafurahi kweli.

Program ya mwenzetu Halima nayo: Shikamoo Mama. Marahaba. Ya Juma hivyo hivyo. Mama wa watu akaitikia zote, maana huku salamu haiachwi hewani.

Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Haya, tumeshasalimiana vya kutosha. Habari yenyewe ni ipi?"

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Nilikuwa na program nimeificha muda mrefu, ya kukadiria alizeti itatoa mafuta kiasi gani. Nilijua ina kasoro, na kuku wangu nampenda. Lakini chumba kinaondoka hivyo. Nikaifungua.

Ikamwambia gunia moja litajaza lori zima la mafuta, halafu ikagoma, error skrini nzima.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akifuta machozi, akaniuliza itapona lini. Magunia akayapeleka sebuleni kwake.

Kuku nilimleta, roho ikiniuma, akapikwa jikoni kwa mama.

Sheria tumeigeuza: sasa anayeleta kuku ni mwenye program ya salamu tupu. Wa kwanza kumleta alikuwa mwenyekiti.

Nilichojifunza, ukimtisha sana mtu asikosee, ataishia kusalimia tu.

Nyie kwenye vikundi vyenu, anayekosea mnamfanyaje? Shusheni hapa, na wa kunicheka karibuni pia.