Kufunga Kavu Nepal

Kanisa la mama yangu liko Isipingo, juu ya duka la kuku. Kuku wanachinjwa nyuma ya duka, wanachovywa kwenye maji moto, na harufu ya manyoya yaliyolowa hupanda kwa ngazi hadi madhabahuni. Watu wanainua mikono na kufumba macho ndani ya harufu ile kana kwamba ni ubani. Mimi hufunika pua, na mama hunipiga kiwiko.

Hapo ndipo niliposimama mwaka jana kuwapa mashauri watu waliokuwa wakienda Nepal. Nilichaguliwa kwa sababu nimesoma jiografia chuo kikuu kule Westville, na pasta aliamini kwamba mwenye shahada ya jiografia anajua nchi zote. Sijawahi kufika Nepal. Nje ya Afrika sijawahi kufika popote.

Safari ilitokana na maono. Pasta aliona mlima mweupe, akasikia sauti ikisema waombezi wapande paa la dunia wakafunge huko siku tatu. Waombezi ni wale wanaokaa safu ya mbele wakiwa na vitambaa vyeupe kichwani. Wenye pasipoti miongoni mwao hawakuwa wengi, na mama, aliyepata yake baada ya kupanga foleni kwa miaka mingi, alikuwa mmoja wao. Nilijiuliza kwa nini Mungu asikike vizuri zaidi kwenye miinuko. Kama urefu ndio unaohesabiwa, marubani wangekuwa watakatifu.

Lakini jambo lililoninyima usingizi halikuwa la teolojia. Kwetu Wakongomani, hata tuliohamia huku kusini mwa Afrika, kuna kufunga kwa kawaida, ambako unakunywa maji, na kuna kufunga kavu, ambako hata tone halipiti kooni. Kavu ndiko kwenye heshima. Tena kuna sharti lake: mkifunga kavu kwa pamoja, akivunja mmoja amewavunjia wote, na aliyevunja anasimama Jumapili kuungama mbele ya kanisa zima. Ndicho walichokuwa wamepanga kufanya kule juu, mahali ambapo hewa ni nyepesi na mwili unakauka kwa kupumua tu. Na mama ana presha. Vidonge vyake anavimeza bafuni, mlango umefungwa, ili hata wageni wasijue.

Nilisoma tovuti za wasafiri kwa wiki nzima, nikatamani kunawa. Mmoja aliwasifu watu wa milimani kwamba ni maskini lakini wana furaha, na chini yake akaweka picha ya bibi asiye na meno ambaye naamini hakuombwa ruhusa. Mwingine alifundisha namna ya kushusha bei ya skafu hadi muuzaji akaribie kulia, kwa sababu huo ndio mchezo, wenyeji wanaupenda. Mama husuka nywele kwetu Overport, na nimewaona wapenzi wa mchezo huo. Hajawahi kuniambia kwamba anaupenda.

Hata hivyo katika takataka ile yote palikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelipinga. Panda polepole. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, usipande tena. Vikizidi, shuka siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Niliwaambia hivyo hivyo. Niliwaambia pia wasinywe maji ya bomba, wavue viatu wanapoingia hekaluni, wazunguke madhabahu za watu kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, na waache nyumbani vile vijikaratasi vya kuokoa roho, kwa sababu sheria ya kule inakataza kumgeuza mtu dini. Kuhusu viatu waliitikia kwa vichwa. Nilipofika kwenye maji, pasta alicheka. Alikuwa anakula mabawa ya kuku kutoka chini, na mafuta yalimtiririka hadi kwenye saa yake.

"Petit frère, mdogo wangu," alisema, akilamba kidole gumba, "Musa alikunywa nini kule mulimani?"

"Sijui, pasta. Lakini mlima Sinai ni mfupi sana kuliko mnakokwenda."

"Munasikia? Ametupimia mulima ya Mungu na rula!"

Watu waliangua kicheko. Mama alicheka nao, mkono mdomoni. Pasta aliniwekea ule mkono wenye mafuta begani, akaniombea nipunguziwe vitabu. Shati lile nililifua mara mbili na doa lipo hadi leo.

Nyumbani nilimwuliza mama atafanya nini kichwa kikianza kumuuma. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua macho.

"Nitaomba."

"Na kikizidi?"

"Papa," alisema. Akina mama wa kwetu huwaita hivyo watoto wao wa kiume wanapotaka kuwanyamazisha kwa upole. "Nikisema kichwa inauma, ni mimi nimevunja ya wote. Nitarudi hapa na nitasimama mbele ya batu. Unataka nisimame?"

"Nataka urudi."

"Nitarudi na haya? Afazali nibaki kule kule."

Alisema kama mzaha, ila hakucheka. Nikaelewa kwa nini mashauri yote niliyokusanya hayakuwa na maana. Yaliandikwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye mkoba mgongoni ambaye kichwa kikimuuma anageuka na kushuka, na hakuna anayemdai maelezo. Hakuna tovuti iliyouliza: na kama kichwa chako si chako peke yako?

Nilimwomba asiende, akakataa. Nilimwomba amweleze pasta siri yake, akaniambia nisirudie neno hilo katika nyumba yake. Ila nilijua kanuni ya kanisa: mgonjwa anayetumia dawa haruhusiwi kufunga kavu. Pasta mwenyewe huitangaza, tangu siku mwombezi mmoja alipozimia kwenye ibada na gari la wagonjwa likaja kusimama mbele ya duka la kuku.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nilinyoosha mkono. Kanisa lilifurahi, walidhani nimeokoka. Nilichukua maikrofoni, iliyokuwa na unyevu wa mate ya watu walionitangulia, nikasema mama yangu ana presha, anameza vidonge kila siku, na ninaomba kanisa limwombee.

"Amen," alisema mtu mmoja kwa mazoea, na chini likasikika shoka la mchinjaji. Mama hakugeuka. Niliona tu kitambaa cheupe na mabega. Pasta alitabasamu, ukumbi mzima ukimtazama, na hakuwa na pa kutokea.

"Basi Maman atabaki mujini," alisema. "Atatuombea kutoka chini. Hata chini iko kazi."

Walisafiri. Walipoanza kupanda, mama aliachwa katika nyumba ya wageni Katmandu, akila wali na dengu na kunywa maji ya chupa. Alituma ujumbe wa sauti kwa dada yangu, kwa shangazi, kwa wateja wake wa nywele, hata kwa jirani yetu ambaye hawapatani naye. Kwangu hakutuma hata mmoja. Nilimsikia kupitia simu ya dada yangu akieleza baridi na vumbi, na namna wauza skafu wanavyomwita didi, yaani dada. Sauti ilikuwa nzima. Hiyo ilinitosha.

Wale wa juu nao walirudi wazima, wote. Nakiri nilitegemea angalau mmoja ashushwe kwa machela. Ibada ya shukrani ilijaa hadi kwenye ngazi. Mmoja baada ya mwingine walishuhudia: siku tatu, hakuna tone, hakuna kichwa kilichouma, mlima umepigwa. Pasta alinitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Ile rula iko wapi?" alisema. Kanisa likacheka, na mama, aliyekuwa ameketi karibu na mlango wa nyuma bila kitambaa cheupe, akapiga makofi pamoja nao.

Kwenye teksi ya kurudi nyumbani nilimwambia siamini, haiwezekani. Ndipo aliponijibu kwa mara ya kwanza tangu safari.

"Haiwezekani, eh. Waliporudi chini, ni mimi niliwafulia nguo. Kila muntu alificha chupa chini ya nguo, tupu. Kila begi."

"Hata la pasta?"

"Ya pasta ilikuwa na mbili."

Niliwaza wale watu wamelala mstari mmoja katika chumba cha mbao, kila mmoja amejifunika blanketi hadi kichwani, akimeza taratibu asisikike na jirani ambaye naye anameza.

"Na umewapigia makofi."

"Wamerudi wazima. Nisipige?"

"Ungesema, mama. Ungesema leo, mbele ya wote."

"Wewe ulisema yangu," alisema. "Ikanifikisha wapi? Ningekunywa chini ya blanketi kama benzangu. Leo ningekuwa mbele."

"Kama ungekunywa. Uliniambia utaomba."

Dereva alifunga breki ghafla kwenye robot, yaani taa za barabarani, akatukana mtu kwa Kizulu. Mama alitazama dirishani hadi taa ikabadilika, kisha akasema, kama anayeendeleza habari nyingine kabisa, kwamba wamempa huduma ya jikoni, chakula cha baada ya ibada, na Jumapili ijayo ni zamu ya maharagwe.

"Unakuja?"

"Siji tena pale."

"Sufuria ni nzito," alisema.

Nikaenda. Nilipakata ile sufuria kwenye teksi kutoka Overport hadi Isipingo, kifuniko kimefungwa kwa kitenge, na kila tulipopinda kona mchuzi ulichuruzika kwenye suruali yangu. Mama aliketi kando yangu na mwiko mkononi. Tulipofika aliniambia nipite mlango wa nyuma, kwa wachinjaji, kwa sababu kwenye ngazi za mbele waombezi walikuwa wanapigwa picha.