Mgeni wa Kabatini kwa Sifa

Ukitaka kucheka, subiri nimalize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, saa nane, hapa hapa Chemchem, nikiwa na akili zangu zote, ingawa sikujaliwa nyingi.

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu wakipanga safari ya Mwanza, mimi nauliza nani atafungia kuku. Mume wangu hunitania kwamba nikifa nitazikwa sebuleni, maana makaburi yako mbali. Kwa hiyo usidhani nilikwenda kutafuta mashetani porini. Nilikuwa napanga kabati la nguo za mtoto.

Kabati lenyewe lilikuwa bado jipya, au tuseme nusu jipya. Baba Sifa anapenda vitu vya zamani kuliko anavyompenda mkewe, na huko Kwihara, walikopita wapagazi wa misafara ya zamani, alikuta mlango wa mninga kwenye tembe iliyobomoka, wenyewe wanataka kuufanya kuni. Akauleta. Fundi seremala akapiga mbao nyuma, rafu tatu, bawaba mpya, likawa kabati la Sifa, binti yetu wa miaka minne. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Puge aliupapasa ule mlango, akauliza:

"Huu si mlango wa nje?"

"Ndiyo, mama. Sasa unalinda chupi za mjukuu wako."

Hakucheka. "Mlango wa nje mnauweka chumbani. Mgeni akija apitie wapi?"

Nikajisemea, haya, maneno ya wakwe.

Jumamosi hiyo nilimwaga kila kitu kitandani. Sweta za mtumba, gauni la ubatizo, soksi za mguu mmoja mmoja. Sijui zile za pili huolewa wapi. Sifa alikuwa uani anapika mchanga. Nikagawa marundo matatu: za kuvaa, za kumpelekea binamu yake Puge, na za kufanya matambara. Kila rundo nikalifunga kwenye kanga, fundo juu. Kabati nikalifunga pia, nikalipa mgongo. Nilijiona mtaalamu.

"Hodi."

"Karibu!" nikaitikia bila kugeuka, ncha ya kanga iko menoni. Nilijua ni jirani yangu, Mama Zuhura, kaja kuazima ungo.

"Hodi hapa."

"Pita tu, shoga, tangu lini umekuwa mgeni?"

"Hodi wenyewe."

"Karibu!"

Hebu niambie, umewahi kupigiwa hodi ukanyamaza? Mdomo huitikia wenyewe. Ile karibu ya tatu ilikuwa imeshatoka ndipo nikagundua kwamba sauti haitoki ukumbini. Inatoka nyuma yangu. Na nyuma yangu palikuwa na kabati, basi, halafu ukuta.

Bawaba zikalia. Bawaba mpya, nakuapia, hazijawahi kulia.

Alitoka ameinama, kama mtu anavyoinama kwenye mlango mfupi wa tembe. Bibi kizee, kaniki imefungwa begani, vumbi jekundu limempanda hadi magotini. Kichwani ana kata ya majani, ile ya kujitwikia, lakini juu yake hapakuwa na kitu. Alinuka moshi wa kuni na jasho la siku nyingi.

Shujaa angepiga kelele. Mimi niliyelelewa vizuri nikasema nini?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyetembea bila maji. Akayatazama marundo yangu. "Mmeshafunga. Vizuri."

"Tumefunga nini, bibi?"

"Mizigo."

Akaunyanyua wa kwanza kwa mkono mmoja, akaupima uzito. "Mwepesi. Wa mtoto?"

"Wa mtoto." Nikajibu! Hata polisi hawajibiwi haraka hivyo.

"Anaitwa nani?"

Hapo, sijui kwa rehema gani, meno yaliuma ulimi. Sikusema. Lakini uani Sifa akaita, "Mamaaa!" na yule bibi akageuza shingo taratibu kuelekea ile sauti.

"Mwambie aje ajitwike. Wenzetu wametangulia."

Ndipo nikasikia miguu. Nyuma ya ule ukuta kuna shamba dogo la mahindi ya jirani, hakuna njia. Lakini watu walikuwa wanapita, wengi, nyayo juu ya nyayo, na hakuna aliyesema neno hata moja.

Niliyarukia yale mafundo. Vidole vilikataa, nikatumia meno. Nikamwaga nguo kitandani, sakafuni, nyingine zikaning'inia shingoni mwangu.

"Hakuna mzigo, bibi! Ona mwenyewe. Hapa hakuna anayesafiri. Huyu mtoto hana safari!"

Alizitazama nguo moja moja. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo.

"Kumbe hamjafunga."

"Hatujafunga."

"Basi nitapita mkishafunga." Akaiweka sawa kata yake, akaingiza mguu kabatini. "Haya, kwaheri."

Na mimi, binti wa mama yangu, nikaitikia: "Kwaheri bibi, karibu tena."

Akasimama. Akageuka. Kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Ahsante, mwanangu," akasema, na mlango ukajifunga.

Nilitoka mbio. Sifa hakuwa uani. Nilimkuta amesimama kwenye mlango wa mbele, wima kama askari, kichwani ana majani aliyoyasokota duara.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Bibi kasema nimsubiri hapa."

Baba Sifa alirudi, akanicheka. Alicheka mpaka alipoingia chumbani na kuona nyayo za vumbi jekundu, kutoka kabatini hadi kitandani na kurudi. Jioni ile ile aliung'oa mlango, akaupakia kwenye bajaji, akaurudisha Kwihara. Alidhani yameisha. Lakini mimi ile karibu tena sikuuambia mlango. Niliisema ndani ya nyumba yangu.

Sasa Sifa yuko darasa la kwanza. Nguo zake zinakaa kwenye beseni, shaghalabaghala, na majirani wanasema mimi mvivu. Si waongo sana, ila safari hii wananionea. Begi lake la shule halifungwi zipu. Mwalimu ameshaniandikia vikaratasi viwili kuhusu madaftari yanayodondoka njiani. Na kwetu hodi haiitikiwi mpaka uso uonekane. Mama mkwe huwa anasimama nje hadi nimchungulie dirishani, na hajawahi kulalamika.

Wiki iliyopita shule zilifunga. Mama mkwe aliomba aende na Sifa Puge likizo, nikakataa, nikasingizia homa. Asubuhi yake niliingia chumbani na uji. Kitandani kulikuwa na nguo za Sifa, zimekunjwa vizuri kuliko ninavyoweza mimi, zimefungwa kwenye kanga kwa fundo nisilolijua.

"Sifa, nani kafunga hizi?"

Hakuinua hata macho. Alikuwa anamsuka mwanasesere wake.

"Mgeni wako."

Nimelifungua fundo lile. Juzi nilifungua lingine. Leo asubuhi la tatu, na hilo lilikuwa limekazwa zaidi, nimelikata kwa kisu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, nakuomba. Ukipigiwa hodi, geuka kwanza. Na mgeni usiyemjua akikuaga, mwache aende zake. Huo mdomo wako uliolelewa vizuri ufunge. Mimi wangu nilichelewa kuufunga, na sasa kila kukicha nafungua mafundo, na vidole vyangu, niamini, vimeanza kuchoka.