Kiti cha Dirishani

Kwa miaka thelathini, lulu za shamba letu hapa kisiwani Manihiki zilipita kwanza mikononi mwa Mama Teura. Aliziviringisha juu ya kitambaa cheupe, pale dirishani, jua likiwa bado chini.

"Ukiziona kope zako ndani yake, hiyo ni daraja la kwanza," alinifundisha. "Ukiona kivuli tu, usiihurumie, mwanangu."

Mwaka jana alipata mtoto wa jicho. Akaanza kutia lulu zilizofifia kwenye bakuli la daraja la kwanza, nami nikawa nazitoa kimyakimya, maana alikuwa mjane na kazi ndiyo hiyo tu.

Siku moja Tangi, mwenye shamba, akanidaka mkono ukiwa bakulini. "Dada, unaniibia au unamfichia bibi makosa yake?"

Nilikuwa nimetoka kusali. Nikasema kweli.

Mama Teura, aliyekuwa pale dirishani akisikia yote, akacheka na kuinuka kitini. "Kumbe mwanafunzi wangu anaona vizuri! Haya, kaa, kiti bado kina joto."

Sasa dirishani nakaa mimi. Tukikutana kanisani ananiita kwa jina, haniiti mwanangu tena. Na kila lulu njema inanionyesha uso wangu, nami naipitisha upesi, nisijitazame.