Mguu wa mama, kuku wa jirani na kisima chetu: usugu wa dawa umepiga hodi nyumbani

Wakuu, salaam kwenu mlio kazini na mlio kijiweni.

Hili limetokea kwetu Gongo la Mboto, na mama mwenyewe yupo hapa sebuleni anakunywa uji wakati nachapa. Nikiongeza chumvi atanisuta.

Mama ni Mzaramo, ana kisukari cha siku nyingi, ila kukaa tu hawezi. Siku hiyo alikuwa anakokota bati la kuezekea banda la kuni, likamchana juu kidogo ya kifundo cha mguu.

Kidonda kidogo tu. Akachota maji ya kisima, akakiosha, akafunga kitambaa, maisha yakaendelea.

Sasa kisima chenyewe kipo uani kwetu, alichimba marehemu baba. Bomba likikata, na hukataga kweli, mtaa mzima unakuja kuchota kwetu.

Nyuma ya ukuta kuna mabanda ya kuku wa nyama ya Mzee Lyimo, mwalimu mstaafu. Mtu mstaarabu sana. Ila kwake ni juu, kwetu ni bondeni, mvua ikinyesha maji ya mabandani yote yanashukia kwetu.

Turudi kwa mama. Mguu ukavimba. Akajinunulia vidonge vya rangi mbili, vile kila mtu anavijua. Uvimbe ukapungua, ukarudi. Akabadilisha dawa. Hola.

Mie nilikuwa nakaa Kimara, nikija nadanganywa "kinakauka". Siku nilipofungua kitambaa kwa mkono wangu, harufu ilinirudisha nyuma.

"Mama, tunaenda hospitali."

"Kwa kakidonda haka, Rehema?"

Nikaita bajaji.

Hospitali daktari alichukua usaha, maabara wakauotesha ili wajue ni mdudu gani na dawa gani inamuua. Majibu yalipotoka akaniita pembeni ya kitanda.

"Bakteria aliyemo ni sugu. Dawa alizokuwa anameza hazimfanyi kitu. Hata niliyotegemea kuanza nayo haifanyi kazi."

"Imebaki nini, dokta?"

"Kuna sindano ya mishipa. Ikikataa, itabidi tuongelee kukata mguu."

Mie nilidhani mama kalala. Kumbe yupo macho, anasikia yote.

"Anza na sindano, mwanangu," akamwambia daktari. "Habari za msumeno tutazungumza ikishindikana."

Nikarudi nyumbani kumchukulia khanga. Nipo uani naanua, nasikia sauti upande wa pili wa ukuta. Bwana mifugo alikuwa amempasua kuku aliyekufa.

"Mwalimu, kila wakikohoa unawatilia antibayotiki kwenye maji. Wadudu wameshazoea. Hii dawa haifanyi kazi tena."

Wakuu, nilisimama na khanga mkononi. Maneno yaleyale niliyotoka kuambiwa wodini.

Nikazunguka hadi getini kwake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

Nikamweleza yote. Uso ukambadilika.

"Unataka kusema kuku wangu ndio wamemuumiza mama yako?"

"Hilo sijui. Ninachojua, maji ya mabanda yako yanaingia kisimani, na watoto wa mtaa huu wanayanywa."

"Umepima?"

"Bado."

"Basi usinituhumu."

Roho iliniuma, lakini alikuwa na haki. Nikasema sawa, tutapima. Nikauliza mpaka nikapata maabara inayopima maji, nikapeleka.

Majibu: maji yana bakteria wa kinyesi.

Hapa niwe mkweli. Kipimo hicho hakikusema kinyesi ni cha kuku au cha vyoo vyetu wenyewe, maana na vyoo vipo karibu. Wala siwezi kuapa kwamba mdudu wa mguu wa mama alitoka kisimani. Daktari mwenyewe alisema hilo lingehitaji vipimo vikubwa zaidi. Lakini mie sikuhitaji kusubiri mpaka mtu mwingine aoze mguu ndio nichukue hatua.

Nikafunga kisima kwa kufuli.

Nilitukanwa! Mama mmoja wa jirani alisimama na ndoo yake akanipigia kelele, "Tunywe nini sasa, mate yako?" Nikamwambia dada, nitukane, ila hapa huchoti.

Majibu nikampelekea Mzee Lyimo. Akayasoma, akavua miwani, akayasoma tena.

Kesho yake asubuhi nikamkuta nje na chepe, anachimba mtaro wa kugeuza maji ya mabandani. Mzee wa umri ule! Nikachukua jembe nikaungana naye. Yule mama wa ndoo naye akaja, bado amenuna, lakini akashika kazi.

Mabanda yakahamishiwa upande wa pili wa kiwanja. Kisima tukakijengea ukingo na mfuniko, tukatia klorini, tukapima upya. Siku hizi tunafulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa tunachemsha, na hilo halina mjadala.

Kuku wa mwalimu hawakupona. Mabanda yalikaa matupu muda mrefu.

Na mama? Sindano ilishika, wakuu. Polepole mno, kuna siku nilikata tamaa, lakini ilishika. Ana kovu kubwa na anachechemea.

Juzi alichechemea mpaka kwa Mzee Lyimo na bakuli la maandazi. Nilimfuata nyuma nikiogopa wataanza kulaumiana.

Akamwambia, "Mwalimu, mie mguu ninao. Wewe kuku wamekwisha. Nimekuja kukupa pole."

Mzee alishindwa kupokea bakuli, alikuwa anafuta macho.

Nilichojifunza: antibayotiki si karanga za kutafuna ukijisikia, kwa mtu wala kwa kuku. Mwone daktari, mwite bwana mifugo, maliza dozi. Kidonda kioshwe kwa maji safi, na kikigoma, usikifiche chini ya kitambaa.

Wafugaji na watu wa maabara mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea. Na wewe ambaye kisima chako kimepakana na banda au choo, umeshawahi kuyapima hayo maji? Tuambie ulikuta nini.